Jina Lisiloandikwa: Mchongaji wa Sanamu ya Askari, Wapagazi wa Vita Kuu na Ukumbusho wa Basotu

1. Utangulizi

Katikati ya jiji la Dar es Salaam, mahali Barabara ya Samora inapokutana na Mtaa wa Maktaba, amesimama askari wa shaba nyeusi. Anasonga mbele, bunduki mikononi, na singe yake imeelekea bandarini. Sanamu hiyo ilizinduliwa mwaka 1927 kuwa ukumbusho wa Waafrika waliopigana na kufa upande wa Waingereza katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Wakazi wa jiji huitumia kuelekezana njia, wageni huipiga picha, na wanafunzi wa historia huitaja katika insha zao. Ni wachache wanaojua jina la aliyeitengeneza, na hakuna anayeweza kulitaja jina la askari mwenyewe, kwa kuwa hakupewa jina.

Mhadhara huu unaichunguza kazi ya mchongaji huyo kwa jicho la taaluma ya Kiswahili. Swali lake ni moja: ukumbusho wa vita unapoahidi kwamba jina la marehemu litakumbukwa, ni nani hasa anayetakiwa kulikumbuka, na kwa njia gani? Ili kulijibu swali hilo, mhadhara utaanza na mchongaji na sanamu yake, uende kwenye maandishi ya Kiswahili yaliyo chini ya sanamu, kisha utazame neno moja la mtaani ambalo lugha ililihifadhi bila kuagizwa na mtu. Mwisho utakwenda bara, Basotu, katika nchi ya Hanang na Mbulu. Huko vita vilipita karibu bila kuacha sanamu, lakini ufundi wa kumjengea marehemu ukumbusho ulikuwapo, na umewahi kulindwa kwa gharama kubwa.

2. Mchongaji na kazi yake

James Alexander Stevenson alizaliwa Chester, Uingereza, mwaka 1881, akafariki mwaka 1937. Alikuwa mtu wa kizazi ambacho vita vilikipa kazi nyingi kuliko kilivyotazamia. Baada ya 1918 hapakuwa na mji wa Uingereza ambao haukutaka nguzo, msalaba au sanamu ya kuwakumbuka vijana wake, na wachongaji waliokuwa wakiishi kwa picha za mabwana na viumbe wa hadithi za kale walijikuta wanatengeneza askari. Stevenson alikuwa mmoja wao. Kazi zake aliziwekea saini ya Myrander, jina aliloliunda kwa kuunganisha Myra, jina la mkewe, na sehemu ya mwisho ya Alexander, jina lake mwenyewe. Hata mchongaji, basi, alijua kwamba jina ni kitu cha kutengenezwa na kuwekwa mahali litakapoonekana.

Kiswahili humwita fundi wa namna hii mchongaji, na neno hilo lina historia inayofaa kuangaliwa. Kuchonga ni kuondoa: fundi huchukua gogo au jiwe, akapunguza mpaka umbo litokee. Lakini sanamu ya shaba haichongwi. Hufinyangwa kwanza kwa udongo, kwa kuongeza na kubandika. Kutokana na udongo huo hufanywa kalibu, na ndani ya kalibu humiminwa shaba iliyoyeyushwa. Kwa hiyo mikono ya Stevenson ilifanya kazi ya mfinyanzi, na kazi ya moto ikafanywa na wasubu wa kiwanda cha Morris cha London. Kabla ya kusafirishwa kuja Dar es Salaam, askari huyo alionyeshwa katika Royal Academy, London, akasifiwa. Yafaa kukumbuka kwamba alianza maisha yake kama udongo, kwa sababu udongo utarejea katika mhadhara huu.

Hiyo haikuwa sanamu ya kwanza ya askari Mwafrika katika mji huo. Mwaka 1909 Wajerumani walizindua Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyeongoza majeshi yao dhidi ya Abushiri na watu wa Mrima. Katika kazi hiyo ya Adolf Kürle, Wissmann alisimama juu, na askari Mwafrika alikuwa chini yake, akimtazama. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, sanamu hiyo iliondolewa. Baadaye ikapelekwa Ujerumani, ikasimamishwa mjini Hamburg mwaka 1922 mbele ya chuo kikuu, na wanafunzi wa chuo hicho wakaiangusha mwaka 1967 na tena 1968.

Tukizilinganisha sanamu hizo 2, hapana budi kumpa Stevenson haki yake. Askari wake hamtazami bwana yeyote. Yuko juu ya nguzo peke yake, kwa ukubwa na heshima ambayo mji wa kikoloni ulizoea kuwapa magavana. Aidha, ukumbusho kama huo wa Nairobi, uliozinduliwa mwaka 1928, uliweka juu sanamu za watu 3, na mmoja wao ni mpagazi. Mtu asiye na bunduki alipandishwa penye heshima ya shujaa, jambo lisilo la kawaida katika sanaa ya vita ya wakati ule. Dar es Salaam, hata hivyo, aliyesimama juu ni mwenye bunduki tu. Mpagazi aliachiwa maandishi.

3. Maandishi na lugha yake

Maneno yaliyo chini ya sanamu yalitungwa na Rudyard Kipling, mwandishi aliyekuwa mshauri wa Tume ya Makaburi ya Vita ya Dola ya Uingereza. Yameandikwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na hati zilizotumika ni za Kirumi na za Kiarabu. Maudhui yake yana sehemu mbili. Kwanza yanawataja wanaokumbukwa: askari wenyeji wa Afrika waliopigana, wapagazi, wanaoelezwa kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na watu wengine wote waliotumika na kufa kwa ajili ya mfalme na nchi yao. Kisha yanatoa ahadi: apiganiaye nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Kwa mwanaisimu, mwaka wa maandishi hayo una uzito. Mkutano wa elimu wa Dar es Salaam wa 1925 ulikwisha kulijadili suala la lugha moja ya shule, lakini Kiunguja kilikuwa bado hakijachaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji. Hilo lilifanyika Mombasa mwaka 1928, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Maandishi ya sanamu yalisimama barabarani kabla ya kamati kuketi. Ni miongoni mwa matini za mwanzo za Kiswahili cha serikali ya Kiingereza kuwekwa hadharani kwa kudumu katika Tanganyika, na kule kuweka hati mbili pamoja ni ushahidi wa kipindi ambacho msomaji wa Kiswahili wa pwani alikuwa bado anatarajiwa kusoma kwa herufi za Kiarabu.

Maneno matatu katika matini hiyo yanastahili kuchunguzwa. La kwanza ni nchi. Mtu wa Tanganyika aliyekufa mwaka 1917 akiwa na mzigo kichwani alikuwa amepigania nchi ipi? Hadi vita vilipoanza, Mfalme wa Uingereza hakuwa mfalme wake. Aliitwa raia wa Kaisari. Jina lenyewe la Tanganyika lilitangazwa mwaka 1920. Ndugu wawili wa ukoo mmoja waliweza kuchukuliwa, mmoja na Wajerumani, mwingine na Waingereza. Nchi iliyoandikwa kwenye nguzo ilikuwa bado haijapata umbo katika fikra za waliokufa, na nchi waliyoijua, yaani ya ukoo, malisho na makaburi ya wazee, haikuwa imetajwa.

Neno la pili ni mpagazi. Asili yake ni kitenzi pagaa, chenye maana ya kuchukua mzigo begani. Kitenzi hicho hicho hutumika kwa pepo anayempanda mtu, na ndicho kilichozaa pagawa. Lugha imeweka pamoja mtu anayebeba na mtu anayebebwa na nguvu isiyo yake. Sadfa hiyo inawafaa watu wa vita vile. Katika Afrika ya Mashariki ya Kiingereza, sheria ya 1915 iliruhusu watu kuchukuliwa kwa nguvu, na mwaka 1917 msako mkubwa wa wapagazi ulipita vijiji kwa vijiji. Kwa jumla Waingereza walitumia wapagazi wapatao milioni moja. Kwa hesabu za serikali, waliokufa walizidi 95,000, na wanahistoria wengi wanaiona hesabu hiyo kuwa pungufu. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, homa ya malaria, kichomi na chakula kisichotosha, wengi wao mbali na yeyote aliyewafahamu.

La tatu ni jina, nalo ndilo linalobeba uzito wote. Kipling alikuwa mtu wa majina. Mwanawe wa pekee, John, alipotea katika mapigano ya Loos, Ufaransa, mwaka 1915, na mwili wake haukuonekana katika uhai wa baba yake. Jina la kijana huyo lilichongwa kwenye ukuta wa Loos pamoja na majina ya maelfu ya wengine wasio na kaburi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni ya Tume: aliyekufa vitani, awe jenerali au kuruta, apate jiwe lake, na kama mwili haukupatikana, jina lake liandikwe ukutani. Lakini kanuni hiyo haikufika kwa askari na wapagazi wengi wa Afrika ya Mashariki. Wao walipewa sanamu ya pamoja. Kwa hiyo baba aliyejua thamani ya jina lililochongwa ndiye aliyetunga ahadi ya jina chini ya sanamu isiyo na jina hata moja.

Tusome tena ahadi hiyo kwa makini. Haisemi kwamba nguzo italikumbuka jina, wala serikali, wala mfalme. Inasema wana watalikumbuka. Kiswahili huonyesha tofauti hiyo kwa viambishi vyake. Kukumbuka ni tendo la mtu mwenyewe moyoni. Kukumbusha ni kumfanya mwingine akumbuke. Na kutokana na hilo la pili tunapata ukumbusho. Sanamu ni ukumbusho: kazi yake ni kumkumbusha aliyekwisha kujua. Kwa mtu asiyeambiwa kamwe baba yake alifia wapi, haina cha kumkumbusha.

4. Kariakoo: ukumbusho wa matamshi

Pamoja na hayo, wapagazi wa Dar es Salaam hawakukosa ukumbusho kabisa. Lugha iliwajengea mmoja, na hakuna aliyeuagiza.

Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na katika Dar es Salaam iliyotekwa kiliwekwa kambi penye jengo ambalo Wajerumani walikuwa wamelijenga liwe soko. Watu waliita mahali pale Kariakoo. Soko lilifunguliwa mwaka 1923, na jina likabaki. Jengo jipya, lililosanifiwa na Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Liliungua mwaka 2021. Katika mabadiliko yote hayo jina halikuguswa. Nairobi nako kuna mtaa na soko liitwalo Kariokor.

Umbo la majina hayo mawili lina somo la fonolojia. Herufi mbili za mwisho za neno Corps hazitamkwi kwa Kiingereza, na kwa matamshi ya kusini mwa Uingereza hata sauti ya r iliyozitangulia hupotea, ikiacha irabu ndefu. Dar es Salaam ilipokea sauti iliyoisikia: irabu ndefu ikaandikwa kwa o mbili, na sehemu ya kwanza ya jina ikapata irabu a, sawa na inavyosikika mwishoni mwa Carrier. Nairobi ilihifadhi r katika maandishi, nayo ni alama ya jina lililopita mikononi mwa makarani na kwenye ramani. Kwa maneno mengine, Kariakoo ni jina la sikio, na Kariokor ni jina la jicho. Katika Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini mambo yalikwenda vingine: huko wapagazi waliitwa tenga-tenga, kutokana na kitenzi cha Kinyanja chenye maana ya kuchukua. Watu wa huko walitaja kazi yenyewe kwa lugha yao. Watu wa Dar es Salaam na Nairobi wakakitaja kikosi.

Leo mama lishe, mchuuzi wa nguo na shabiki wa mpira anayesubiri mechi ya Simba na Yanga hulitamka neno Kariakoo mara nyingi kwa siku. Kwa ukubwa wa matumizi, hakuna ukumbusho wa vita katika Tanzania unaoweza kushindana nalo. Hata hivyo neno hilo nalo lina upungufu ule ule wa sanamu. Limehifadhi jina la kikosi. Majina ya watu limeyaacha. Tena, tofauti na sanamu, neno husahau chanzo chake kadiri linavyozidi kutumika, na ndiyo maana msemaji wake hana habari kwamba anawataja marehemu.

Mapokeo ya fasihi ya Kiswahili yalikuwa na njia nyingine. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alipotunga utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, na Abdul Karim bin Jamaliddini alipotunga ule wa vita vya Majimaji, walitaja watu kwa majina na mahali kwa majina. Utenzi wa vita, pamoja na sifa na mawaidha yake, ni daftari. Mpagazi wa Vita Kuu hakubahatika kuwa na daftari la aina hiyo lenye umaarufu sawa na tenzi hizo mbili.

5. Basotu: udongo na jina

Tuondoke sasa pwani. Basotu iko magharibi ya Mlima Hanang, kando ya ziwa lililojaa kwenye shimo la volkano. Wilaya ya Hanang ilimegwa kutoka Mbulu, na Mkoa wa Manyara ukaundwa mwaka 2002. Wenyeji wa uwanda huo ni Wabarabaig, tawi la Wadatooga, ambao lugha yao ni ya Kinailoti cha Kusini. Majirani zao Wairaqw husema lugha ya Kikushi, na Wanyaturu na Wanyiramba husema Kibantu. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha mnadani, shuleni na mahakamani.

Nchi hiyo haikuwa mbali na vita. Mwezi Aprili 1916 majeshi ya Jenerali van Deventer yalitoka Lolkisale, yakapita Ufiome, yakaingia Kondoa Irangi. Mvua za masika zikakata njia nyuma yao, farasi wakafa kwa maradhi, na chakula cha jeshi kikategemea vichwa vya wapagazi. Mwaka uliofuata kikosi cha Kijerumani kilichoongozwa na Heinrich Naumann kiliizingira boma ya Mkalama, magharibi ya Basotu, kabla ya kusalimu amri mwezi Oktoba. Basotu yenyewe haikupata nguzo wala bamba.

Lakini Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuwabandika watu wake ukumbusho wa vita vya kale zaidi. Kwa miaka mingi wasemaji wa Kiswahili wamewaita Wadatooga Wamang'ati, neno lililotoka katika Kimaasai likiwa na maana ya maadui. Wamaasai ndio waliopigana nao, na lugha ya tatu, isiyokuwamo katika vita hivyo, ikalichukua neno na kulifanya jina la kabila. Wengi wanaoitwa hivyo hawalipendi. Hapa kuna onyo kwa mtafiti: si kila ambacho lugha imekihifadhi ni heshima, na jina linaweza kuendeleza uhasama uliokwisha.

Wabarabaig wenyewe wana namna yao ya kumjengea marehemu, iitwayo bung'eda. Mtaalamu George Klima, aliyeishi nao katika miaka ya 1950, aliieleza kwa kirefu. Si kila marehemu hufanyiwa. Hufanyiwa mzee aliyeheshimika, baada ya wana wake na ukoo wake kukubaliana. Juu ya kaburi huinuliwa kichuguu cha udongo, hatua kwa hatua kwa miezi tisa hivi, hadi kikapita kimo cha mtu. Koo nyingine hualikwa, nyimbo huimbwa, na siku ya mwisho wana wa marehemu ndio wanaobeba kilele cha shughuli. Baadaye kaburi hubaki mahali pa kuombea kwa vizazi. Mvua hukimomonyoa kichuguu, lakini watu wa ukoo hujua ni kaburi la nani, kwa sababu kujua huko ndiko kulikokijenga.

Jina lenyewe lina ulinzi mwingine ndani ya lugha. Katika Kidatooga, mwanamke aliyeolewa hulikwepa jina la baba mkwe wake na la wakubwa wengine wa ukoo wa mumewe. Hayakwepi majina tu. Huyakwepa hata maneno ya kawaida yanayofanana nayo kwa sauti, na badala yake hutumia msamiati mwingine maalumu. Utafiti wa mwanaisimu Alice Mitchell umeonyesha kwamba msamiati huo ni mpana na wenye taratibu zake. Kwa mtazamo wa haraka mtu angesema jina limefichwa. Kwa kweli, ili kulikwepa jina sharti ulijue, na ulijue kila siku, katika kila sentensi unayotunga. Mkwe anayelinyamazia jina analikumbuka kuliko mpita njia anayelisoma ukutani.

Kwa hiyo ahadi iliyoandikwa Dar es Salaam mwaka 1927, kwamba wana watalikumbuka jina, ilikuwa na desturi yake kamili Basotu bila kuandikwa. Stevenson alifinyanga udongo akaupeleka kiwandani ugeuzwe shaba, ili ukumbusho usitegemee tena mkono wa mtu. Wabarabaig waliuacha udongo kuwa udongo, nao unategemea mkono wa mtu wakati wote. Kila upande ulipata faida na ukalipa bei. Shaba hudumu hata pale ambapo hakuna anayemjua marehemu. Udongo hudumu pale tu ambapo wana wapo, na ambapo ardhi ya kaburi ingali mikononi mwao.

Sharti hilo la pili lilivunjika. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, mashamba makubwa ya ngano yalianzishwa katika uwanda wa Basotu chini ya Shirika la Chakula na Kilimo, NAFCO, kwa msaada wa Kanada. Mashamba yalifika 7, yakachukua ekari zipatazo 100,000 za malisho bora. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani. Kilishinda Mahakama Kuu, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Miongoni mwa malalamiko ya Wabarabaig, yaliyoandikwa na watafiti kama Charles Lane, moja halikuhusu ng'ombe wala maji: matrekta yalilima juu ya makaburi ya wazee wao. Dereva wa trekta aliona kichuguu kilichozuia plau. Kwa mwana wa marehemu, palikuwa mahali ambapo jina la baba yake lilisimama. Taifa liliihifadhi vizuri sanamu ya askari asiye na jina, iliyowekwa na wakoloni. Kaburi la mzee ambaye jina lake lilijulikana na wote halikutambulika kuwa ukumbusho, kwa kuwa halikuwa na maandishi.

6. Majina yanapotafutwa

Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ya uchunguzi wa historia yake yenyewe, ikaomba radhi. Ripoti ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao kutoka Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba fikra za ubaguzi zilichangia uamuzi huo. Afisa wa miaka ya 1920 aliweza kuona kwamba Mwafrika hahitaji kaburi lenye jina. Bung'eda peke yake yatosha kumpinga.

Mwezi Januari 2025 ukumbusho mpya ulizinduliwa Cape Town kwa ajili ya watumishi weusi wa Afrika ya Kusini waliokufa katika Vita Kuu barani Afrika. Majina yao, yanayozidi 1,700, yamechongwa kwenye nguzo za mti, kila mtu na nguzo yake. Hiyo ni kazi iliyochelewa zaidi ya miaka 100, na iliwezekana kwa sababu daftari lilipatikana. Kwa wapagazi wengi wa Tanganyika, daftari likipatikana litakuwa na matatizo yanayowahusu moja kwa moja wanafunzi wa Kiswahili. Makarani waliyaandika majina kwa masikio yao, kama walivyoyasikia. Mtu wa Mbulu aliyetaja jina lenye sauti za kooni za Kiiraqw, au la Kidatooga lenye toni na irabu zisizokuwamo katika Kiswahili, aliandikwa kwa umbo lililowezekana kwa kalamu ya karani. Wengine walijiandikisha kwa majina ya safari. Kulirudisha jina kama hilo kwa ukoo wake ni kazi ya isimu: kujua sauti ipi iligeuzwa kuwa ipi, na kwa kanuni gani. Anayeweza kueleza kwa nini Corps ilikuwa koo anazo tayari zana za mwanzo za kazi hiyo.

7. Hitimisho

James Alexander Stevenson alifanya kazi aliyopewa, na aliifanya kwa ufundi na heshima. Alimsimamisha Mwafrika juu ya nguzo bila bwana wa kumtazama. Lakini sanamu ilikuwa nusu ya ukumbusho, na maandishi yaliyo chini yake yanakiri hivyo, yanapowaachia wana kazi ya kulikumbuka jina. Nusu ya pili ilihitaji majina, na majina hayakuletwa. Kiswahili kilihifadhi jina la kikosi katika Kariakoo; Basotu ilionyesha jinsi wana wanavyoweza kulishika jina bila wino wala shaba, na jinsi ushikaji huo unavyoweza kuvunjwa na plau moja.

Kutokana na hayo, kazi tatu zinawangojea wataalamu wa Kiswahili. Ya kwanza ni kuyanakili kwa usahihi na kuyahariri maandishi ya Kiswahili ya minara ya vita ya Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, katika hati zote zilizotumika, kabla kutu na rangi havijayafuta. Ya pili ni kuyakusanya majina ya waliochukuliwa vitani kutoka kwa wajukuu na vitukuu, kwa lugha zao za nyumbani, pamoja na mahali walikotoka. Ya tatu ni kusaidia kutambulisha kaburi la udongo kuwa ukumbusho kamili mbele ya sheria, ili upimaji wa ardhi uanze kwa kumuuliza mwenye nchi ni nani amelala hapo. Mtoto wa Basotu aulizwapo swali hilo ana jibu. Mpita njia wa Barabara ya Samora bado hana.